Mamba wa Trei za Mayai

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Tangazo limebandikwa ghalani, karibu na saa ya kugongea kadi. Mashindano ya mavazi ya Halowini, Ijumaa tarehe 31, saa nane na nusu mchana, shifti mbili zinapopishana. Vazi litengenezwe kwa mikono ya mwenyewe, kwa vitu vya nyumbani. Ukinunua, umetoka. Zawadi: mshindi atachagua shifti anayoitaka.

Nimelisoma mara tatu. Supavaiza wetu, Bi Darlene, akaniuliza kama kuna neno silielewi. Nikamwambia nimeelewa yote, hasa sentensi ya mwisho.

Shajara hii ni mpya. Binti yangu Irakoze aliipata shuleni akaikataa kwa sababu ina picha ya paka. Basi nijitambulishe. Mimi ni Sipriani. Napanga viatu kwenye maboksi shifti ya jioni, mwaka wa pili sasa. Mke wangu Veridiana anapika kwenye nyumba ya wazee. Anaondoka alfajiri mimi nimelala, anarudi mimi nimeshaondoka. Tunaongea kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Cha leo: "Mchuzi uko nyuma ya kabichi. Irakoze ana kikao cha wazazi. Umekonda, au ni shati?"

Tangu tuhamie Newburg, hapa Marekani, sijala naye chakula cha jioni siku ya kazi hata mara moja.

Zawadi hiyo ni yangu. Kilichobaki ni vazi.


Jumatano, 15 Oktoba

Wazo limenijia nikivunja mayai. Trei ya mayai, ile ya karatasi nzito, ukiigeuza juu chini ni mgongo wa mamba. Vinundu vyote vipo, Mungu na kiwanda wamekwisha kuvipanga.

Rangi ya kijani ipo. Msimamizi wa majengo yetu alipaka mabenchi akaacha nusu ndoo kando ya jalala. Meno: vijiko vyeupe vya plastiki. Macho: vifuniko vya madumu ya maziwa. Mkia: mguu wa suruali yangu kuukuu uliojazwa mifuko ya plastiki. Hakuna cha kununua. Mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akaunda magari ya kuchezea kwa makopo ya mafuta ya msaada, hawezi kushindwa na watu ambao wakiambiwa watengeneze kitu kwanza wanatafuta funguo za gari waende dukani.

Tatizo la kwanza ni trei. Mamba wa ukubwa wangu anazihitaji nyingi, nasi tunakula mayai Jumamosi tu. Leo nimechemsha kumi na mbili. Irakoze, miaka kumi na minne, aliitazama sahani akaniambia kwa Kiingereza kwamba hii si kawaida. Nikamwambia mayai yanasaidia hesabu. Akasema hesabu anapata vizuri. Nikamwambia basi ni kinga.

Tatizo la pili ni Mchungaji Gaudiosi. Jumapili alihubiri dakika hamsini kwamba Halowini ni sikukuu ya shetani, na kwamba anayevaa sura isiyo yake amemkataa aliyempa sura. Reginaldi aliitikia amina kwa sauti ya kwanza, kisha ya pili. Reginaldi ni kiongozi wa kwaya. Pia ni jirani yangu, mwenzangu wa shifti, na ndiye anayenipeleka kazini kwa gari lake, kwa kuwa mimi sina. Akijua jambo, kanisa zima limejua kabla hajazima injini.

Siri, basi. Siri kamili.


Jumapili, 19 Oktoba

Siri imeingia matatani kidogo.

Baada ya ibada niliwaendea akina mama, nikawaomba wasitupe trei zao. Mmoja akauliza za nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Wakati huohuo ngoma za kwaya zikaanza kulia chumba cha nyuma, na muuza matairi tuliyepakana naye akagonga ukuta, kama kawaida yake. Nikausikia mdomo wangu ukisema ni za chumba cha kwaya. Trei zikibandikwa ukutani zinameza sauti. Jirani atapumzika.

Hilo ni kweli. Nililiona kwenye studio ya redio kule Kasulu. Uongo wangu huwa na msingi.

Sikujua Mchungaji alikuwa nyuma yangu. Alinishika bega kwa mikono miwili. Akarudi mbele, akawasha kipaza sauti, akawarudisha hata waliokuwa wamefika kwenye magari, akatangaza kwamba ndugu Sipriani amefunuliwa jambo. Wakapiga makofi. Nami nilipiga kidogo.

Veridiana alinisubiri mlangoni.

"Umefunuliwa lini?"

"Wiki hii."

"Na mayai ya wiki hii?"

"Ni sehemu ya ufunuo."

Njia nzima alinitazama kama anavyotazama kifuniko cha sufuria kinachoanza kutikisika.


Jumanne, 21 Oktoba

Trei zinakuja. Zinakuja mno. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta zimepangwa mpaka kwenye kitasa. Bibi Nyiramahirwe wa ghorofa ya chini, umri wake sabini na kitu, amepanda ngazi na trei nne mkononi. Akasema daktari alimkataza mayai, lakini kwa kazi ya Bwana anajilazimisha mawili kila asubuhi. Nilijisikia vibaya karibu mpaka saa sita.

Ndani ya gari Reginaldi akauliza tunabandika lini. Nikasema gundi inataka hali ya hewa kavu. Akasema ukuta uko ndani. Nikasema unyevu hauna adabu, unaingia popote. Akaongeza sauti ya redio.

Jambo moja nimeliona. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na nyuzi za sufu za manjano, nyingi, kama mtu amemnyoa mnyama. Nikamuuliza. Akajibu haraka kwamba mkewe Florida anafuma mto. Mto wa manjano. Mrefu hivyo.

Kikaratasi cha friji: "Nyumba inanuka kuku. Niambie mwisho wake ni lini."


Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemaliza.

Siwezi kuandika kwa unyenyekevu, kwa hiyo nitaandika kweli. Mgongo una safu sita za vinundu. Kichwa nimekijenga juu ya kofia ya baiskeli, na taya linafunguka nikivuta uzi. Tumbo nimeliacha rangi ya karatasi, kama mamba halisi. Ukiwa mbali na huna miwani unaweza kukimbia.

Mapungufu ni madogo. Siwezi kukaa. Siwezi kuinua mkono wa kushoto. Mlango wa bafu lazima niuingie kwa ubavu, na nikishaingia hakuna ninachoweza kufanya humo.

Veridiana alirudi sokoni akanikuta hivyo katikati ya sebule. Aliweka mifuko chini polepole.

"Huu ni ukuta wa aina gani?"

"Najaribu kama trei zinashikana."

"Zina meno."

Nilitaka kumwambia habari ya zawadi. Lakini nilikwisha kuiona siku yenyewe akilini: narudi nyumbani jioni, naketi mezani, yeye anageuka kutoka jikoni ananikuta pale. Nikimwambia sasa, nimeiharibu. Akanizunguka mara moja, akaona mkia unaning'inia, akachukua sindano, akaushona pale nilipokuwa nimesimama. Nilihisi pumzi yake mgongoni kupitia trei.

Alipolala mchana niliufumua mshono wake. Kanuni zinasema mikono ya mwenyewe, na mimi ni mtu wa kanuni. Nimeushona upya. Umeshika kiasi.


Alhamisi, 30 Oktoba

Mipango ya kesho. Kwenye gari la Reginaldi siwezi kupanda, ataniona. Nimemwambia nina miadi ya meno. Nilitarajia maswali. Badala yake alionekana kufurahi, akasema ni vizuri, kwa kuwa naye kesho ana shughuli atatoka mapema. Tukaagana kwa upole usio wa kawaida.

Nitapanda basi. Nitavaa kabisa nyumbani, maana mamba hakunjiki.

Irakoze amesema simu yake inaonyesha mvua. Nikamkumbusha mamba anaishi wapi. Akaniuliza kama karatasi nayo inaishi huko. Huyu mtoto anasoma sana.


Jumamosi, 1 Novemba

Nieleze ya jana kwa utaratibu.

Saa saba na nusu mchana nilikuwa kituoni, kavu, kijani, mkubwa. Mama mmoja Mmarekani aliyekuwa na mwavuli alinipa heko. Watoto wawili ndani ya gari walinipungia. Nilivuta uzi, taya likafunguka, wakapiga kelele. Nafikiri hizo zilikuwa dakika zangu bora tangu nifike nchi hii.

Kisha mvua. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Mama akanisogezea mwavuli lakini ulinifunika pua tu. Trei za mayai, nimejifunza, zinakunywa. Zilikunywa mpaka nikahisi nimembeba Bibi Nyiramahirwe mgongoni. Safu ya kwanza ikateleza. Rangi ikashuka kwenye viatu. Basi likaja, dereva akafungua mlango, akanitazama, akautazama mlango, akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka.

Hapo ndipo gari ninalolijua liliposimama kwenye taa nyekundu mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na simba.

Manyoya ya manjano mpaka mabegani. Masharubu. Mikono miwili kwenye usukani. Tulitazamana kupitia kioo mpaka taa ikawa kijani na walio nyuma wakaanza kupiga honi. Simba akainama, akanifungulia mlango.

"Meno yanaendeleaje?" akauliza Reginaldi.

"Na mto?" nikasema.

Sikutosha kiti cha mbele. Nililala kifudifudi kiti cha nyuma, mkia nje ya dirisha. Karibu na daraja ulikatika. Nilimwomba asimame, akasema tutachelewa. Tulikula kiapo pale njiani kwamba kanisani hatatamka mtu. Yeye aliapa kwa kwaya, mimi kwa Irakoze.

Ghalani Bi Darlene alitupanga mstari. Tulikuwa kumi na mmoja. Alipofika kwangu akauliza mimi ni nani. Nilimwacha akisie. Akasema mti. Mtu wa nyuma akasema uji. Mwingine akasema nyumba baada ya mafuriko, akapigiwa makofi yeye. Nilivuta uzi wa taya ili wanielewe, na taya likaanguka miguuni kwa Bi Darlene.

Simba alipendwa sana. Bi Darlene alishika manyoya, akasifu mishono, akauliza ilichukua siku ngapi. Reginaldi, baba wa familia, mwimbaji wa sauti mbili, akasema hapo itabidi aulizwe Florida. Akatolewa.

Aliyeshinda ni Bagula, Mkongomani wa shifti ya mchana. Alichukua boksi tupu la viatu vya jumla, akatoboa tundu la kichwa, akajibandikia karatasi ya anwani kifuani. Nilimwona akilitoboa. Zilikuwa dakika nne, na alikuwa anakula. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bi Darlene akamuuliza anachagua shifti gani. Bagula akafikiri, akasema ya mchana, hiyohiyo aliyonayo.

Nilienda kujibandua trei karibu na mapipa. Cibalonza, anayefanya kazi meza moja na Bagula, alinifuata na taulo za karatasi. Anaongea Kiswahili cha kwao Bukavu, na Kifaransa kidogo ndani yake.

"Sipriani, weye unatafuta shifti ya mchana?"

Nikasema ndiyo.

"Donc, mbona haukujaza fomu? Iko pale ku ofisi. Mimi nilijaza mu mwezi wa tisa, niliandika tu 'familia'. Bon, siku tatu, banakubali."

Nilimshukuru. Sikutaka kumvunja moyo kwa kumwambia kwamba kazi ya sanaa na fomu ni vitu viwili tofauti.

Picha zetu Bi Darlene alizitia mtandaoni kabla sijamaliza kukauka. Asubuhi hii shemeji yangu Samsoni amepiga simu kutoka Reynoldsburg, kule Columbus, kuuliza kama nyumba yetu imeungua. Irakoze ameniambia ameweka picha yangu kwenye uso wa simu yake; wenyewe wanauita ukuta. Ndiyo ukuta pekee niliojenga mpaka sasa.


Jumapili, 2 Novemba

Ibada ndefu. Mchungaji alihubiri juu ya Nuhu. Hakututaja, lakini kila aliposema wanyama waliingia wawili wawili, safu tatu za mbele ziligeuka.

Baadaye akatuita chumba cha nyuma.

"Nani alikuwa simba?"

Reginaldi akainua mkono.

"Na wewe?"

"Mamba, Mchungaji."

"Mamba sikumwona kwenye picha."

"Ilikuwa mvua."

Alinitazama. Nilidhani ananitafutia mstari wa Maandiko. Akasema Bibi Nyiramahirwe amekula mayai wiki mbili kinyume cha agizo la daktari, na muuza matairi ameandika barua ya tatu kwa mwenye jengo, na ikija ya nne hatuna pa kuabudu. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Akauliza trei zilizobaki ziko wapi. Nikasema nyumbani, zimejaa korido. Akasema zije leo, na simba na mamba wasiondoke mpaka ukuta wa mwisho.

Tulibandika kuanzia saa saba. Reginaldi alipaka gundi, mimi nikakandamiza. Zile za kijani zilizookoka tukaziweka karibu na dirisha. Bibi Nyiramahirwe aliletewa kiti aje aone, akauliza za kwake zilikuwa sehemu gani ya mamba. Nilitaka kusema mgongo, nikasema ukweli, kwamba sikuzitenga. Akasema hata hivyo amependa lile taya. Kisha nikamwomba aache mayai. Akasema ameshayazoea.

Jua lilipoanza kuteremka Veridiana alikuja na sufuria ya wali na maharage. Tukakaa chini, migongo kwenye trei, tukala kutoka sufuria moja. Reginaldi na Florida walikuwa kona ya pili wakizozana juu ya manyoya.

"Mashindano yale yalikuwa ya nini hasa?" akauliza Veridiana.

Nikamwambia. Shifti ya mchana. Meza. Yeye akigeuka kutoka jikoni. Hata fomu ya Cibalonza.

Aliondoa kipande cha gundi kikavu kwenye nywele zangu, akakiviringisha kwa vidole.

"Sipriani, ungeniambia ningekuambia uombe tu."

Nikasema nilitaka iwe ghafla. Akasema kila kitu changu ni ghafla. Lakini alinipakulia ukoko, na ukoko huwa anajiwekea mwenyewe.

Reginaldi akapiga ngoma kuujaribu ukuta. Sauti ilimezwa. Akapiga kwa nguvu zote, ikamezwa vilevile. Baada ya muda muuza matairi akatokea mlangoni kuuliza kama tumehama.


Jumatano, 5 Novemba

Nimechukua fomu. Ukurasa mmoja. Jina, namba ya kazi, shifti unayoomba. Chini, mstari mmoja: sababu ya ombi.

Kikaratasi cha friji, kwa herufi kubwa: "ANDIKA: FAMILIA. USIONGEZE NENO."

Nimeketi na fomu asubuhi nzima. Veridiana ni mke mwema na mpishi hodari, lakini ofisi haijui. Neno moja, watu hawa watalipita kama kituo ambacho hakuna abiria. Familia kila mtu anayo. Cibalonza alipata kwa bahati. Mtu makini anaiimarisha sababu yake.

Nimeandika kwamba macho yangu huacha kazi jua likizama.


Ijumaa, 7 Novemba

Jana Bi Darlene aliniita. Amesikitika sana. Amesema nafasi za mchana ziko tatu na angenipa palepale, ila kwa kuwa sasa ni habari ya macho, ofisi inahitaji barua ya daktari. Mpaka ije, kwa usalama wangu, baada ya jua kuzama nisiguse mashine. Kwa hiyo jana jioni nilikunja tu karatasi za kufungia viatu. Reginaldi alikuja kunishika mkono kunivusha mlango, mbele ya watu, akiniuliza kwa sauti ya pili kama naona ngazi.

Kikaratasi cha friji leo hakina neno. Ni kitupu, kimebandikwa tu.

Lakini sijakwama. Hyacinthe, tuliyekuwa naye kambini, sasa yuko Kenmore, karibu na Buffalo. Alifagia zahanati ya Mtabila miaka tisa na anayajua majina yote ya magonjwa. Nimempigia. Amekubali kuniandikia, atanitumia picha kesho. Mwandiko wake hausomeki hata kidogo, na ndiyo sababu nina imani naye.